Safari za Kuzunguka: Ndege na Ujirani Baada ya Umoja wa Kisovieti

Katika miaka ya 1980, mtu wa Vilnius, Tashkent au Vladivostok aliyetaka kusafiri kwa ndege hakuwa na haja ya kulinganisha nauli. Shirika lilikuwa moja, Aeroflot, mali ya serikali ya Umoja wa Kisovieti, na nauli zilipangwa na serikali hiyohiyo. Mwaka 1976 Aeroflot lilikuwa shirika la kwanza duniani kubeba abiria milioni 100 ndani ya mwaka mmoja, na kufikia 1990 idadi ilikuwa imepanda hadi karibu milioni 137. Masafa marefu yalikuwa kazi ya ndege za Ilyushin na Tupolev. Vijijini ilitua An-2, ndege ndogo ya injini moja, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Ilihitaji uwanja wa nyasi tu, na ilimfikisha mwalimu au mgonjwa mahali ambapo barabara haikufika.

Kitovu cha mtandao huo kilikuwa Moscow. Mji mkuu ulikuwa na viwanja vinne vilivyogawana nchi. Domodedovo ulihudumia zaidi mashariki na Asia ya Kati, Vnukovo kusini, Sheremetyevo safari za nje na za kaskazini, na Bykovo safari fupi. Ratiba zilifuata saa za Moscow hata pale ambapo jua lilikuwa limeshazama saa kadhaa kabla. Mara nyingi aliyetoka jamhuri moja kwenda nyingine alipitia Moscow, na ramani ya njia za Aeroflot ikafanana na gurudumu ambalo spoku zake zote zinakutana katikati.

Hata hivyo, ndani ya mpango huo wa serikali watu walijitafutia manufaa yao. Wakulima wa Georgia na Abkhazia walipanda ndege wakiwa na masanduku ya machenza na mafurushi ya maua, wakayauze katika masoko ya Moscow na Leningrad. Nauli ilikuwa ya chini kwa sababu serikali ndiyo iliyoishikilia, ilhali katika masoko ya wakulima bei iliachwa ijipange yenyewe. Kabla ya tarehe 8 Machi, Sikukuu ya Wanawake, mzigo wa maua ya mimosa ulirudisha nauli ya kwenda na kurudi na kumwachia mwenye nao faida nono. Wanafunzi, wanajeshi na wahandisi nao walisafiri, wakaoa na kuolewa mbali na kwao. Nchi ilipovunjika, familia nyingi zilikuwa na babu katika jamhuri moja na wajukuu katika nyingine, na kilichowaunganisha kilikuwa tiketi ya ndege ambayo mshahara wa kawaida uliitosha.

Tarehe 8 Desemba 1991 viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarusi walitia saini tamko kwamba Umoja wa Kisovieti haupo tena, na tarehe 25 mwezi huohuo Mikhail Gorbachev akajiuzulu. Aeroflot lilikuwa limegawanywa kwa kurugenzi za jamhuri na mikoa, na mgawanyo huo ndio ulioamua mirathi. Kwa kawaida ndege ilibaki mali ya kurugenzi ilikokuwa na kituo chake. Estonia iliunda shirika lake Desemba 1991, Uzbekistan Januari 1992, Azerbaijan Aprili mwaka huohuo. Kwa muda ndege za mataifa mapya ziliendelea kuruka zikiwa na rangi za Aeroflot na herufi za usajili za nchi iliyokwisha kufa.

Kilichofuata kilikuwa msiba wa kiuchumi. Bei zilipoachwa huru mwaka 1992, mafuta ya ndege yalipanda kupita uwezo wa abiria wa kawaida. Nchini Urusi pekee, abiria waliokuwa zaidi ya milioni 90 mwaka 1990 walipungua hadi chini ya milioni 25 mwishoni mwa muongo huo. Viwanja vidogo vilifungwa, An-2 zikaota kutu, na miji ya Siberia iliyokuwa saa chache kutoka mji mkuu ikajikuta mbali kama enzi za treni.

Ndege zilizokosa njia kwao zilitafuta kazi kwingine, na hapo historia hii inafika kwenye Maziwa Makuu. Ndege za mizigo za Antonov na Ilyushin zilikodishwa au kuuzwa kwa bei ya chini, pamoja na marubani wa Ukraine, Urusi na Moldova walioishiwa na mishahara. Il-76, ambazo kiwanda chake kilikuwa Tashkent, zilikuja Mwanza kupakia minofu ya sangara kwa soko la Ulaya. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliwaonyesha marubani hao wakiwa mbali na wake na watoto wao. Tarehe 23 Machi 2005 mojawapo, iliyosajiliwa Moldova, ilianguka ndani ya Ziwa Victoria muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mwanza, na watu wote 8 waliokuwamo wakafa. Kinshasa ilikuwa imeonja machungu makubwa zaidi. Tarehe 8 Januari 1996, An-32 ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa Ndolo, ikaingia katikati ya soko na kuua mamia ya watu. Kuvunjika kwa dola moja kulisikika hadi sokoni Kongo.

Huko kwao, njia za zamani zilikatika moja baada ya nyingine, na vita ndiyo ilikata kwa ukali zaidi. Septemba 1993, Sukhumi, mji mkuu wa Abkhazia, eneo lililokuwa likipigania kujitenga na Georgia, ulikuwa umezingirwa, na ndege za abiria za Georgia zilizojaribu kuufikia zilitunguliwa kwa makombora. Zaidi ya watu 100 waliuawa ndani ya siku chache, na mji ukaanguka tarehe 27. Uwanja uliokuwa ukipokea watalii wa Bahari Nyeusi na kusafirisha machenza ulikaa zaidi ya miaka 30 bila safari za kawaida kutoka nje. Mwaka 2025 ndege zilipoanza tena kutua, zilitoka Urusi, na serikali ya Georgia ilizihesabu kuwa haramu.

Kule Nagorno-Karabakh, eneo lililogombaniwa na Armenia na Azerbaijan, Waarmenia walioshika eneo hilo waliukarabati uwanja wa Stepanakert na kutangaza kuufungua mwaka 2011. Azerbaijan ilionya kwamba ndege yoyote itakayoruka huko bila idhini yake inaweza kutunguliwa. Jengo likakamilika, na safari za abiria hazikuanza kamwe. Wakati huohuo Azerbaijan yenyewe ilikuwa na kipande cha ardhi kilichotengwa, Nakhchivan, ambacho ardhi ya Armenia inakitenganisha na sehemu nyingine ya nchi. Reli iliyopita Armenia ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo ndege kutoka Baku ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa maisha ya huko. Ilipitishwa juu ya Iran ili kuikwepa Armenia. Baada ya vita vya 2020 kati ya Azerbaijan na Armenia uhasama ulichukua sura mpya, na mwaka 2021 Azerbaijan ilipogombana na Iran, ndege hizo zikaanza kupita juu ya Armenia yenyewe.

Kisa kinachonigusa zaidi hakina kombora hata moja. Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, na Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, zimeachana kwa kilomita zipatazo 300, chini ya saa moja kwa ndege. Mwaka 1992 Tajikistan iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu hadi 1997, na safari za moja kwa moja kati ya miji hiyo zikasimama. Vita vikaisha, ndege hazikurudi. Rais wa Uzbekistan, Islam Karimov, alihofia wanamgambo kuvuka mpaka, na sehemu za mpaka huo zikategwa mabomu ya ardhini. Viza zikawekwa kati ya watu ambao hawakuwahi kuombana viza. Kisha ukaja ugomvi wa maji. Tajikistan ilitaka kukamilisha bwawa la Rogun kwenye mto Vakhsh ili ipate umeme, na Uzbekistan ikaona kwamba mashamba yake ya pamba yatakauka.

Asiyeijua jiografia ya huko hawezi kuona uzito wa jambo hili. Barabara na reli za Kisovieti zilijengwa kana kwamba mipaka ya jamhuri haitawahi kulindwa. Njia rahisi kati ya kaskazini na kusini mwa Tajikistan ilipita ndani ya Uzbekistan, na njia ya milimani ilifungwa na theluji miezi mingi ya mwaka. Samarkand, mji wa Uzbekistan wenye wakazi wengi wanaozungumza Kitajiki, uko kilomita 60 hivi kutoka Penjikent ya Tajikistan, na mwaka 2010 kivuko cha mpaka kati ya miji hiyo kilifungwa. Aliyefiwa na ndugu Samarkand alilazimika kutafuta viza, kisha kusafiri siku nzima kwa magari kupitia kivuko cha mbali. Aliyetaka kwenda kwa ndege kutoka Dushanbe hadi Tashkent alipitia nchi ya tatu, Kazakhstan au hata Uturuki, ili afike mji uliokuwa nyuma ya milima anayoiona.

Karimov alifariki dunia Septemba 2016. Mrithi wake, Shavkat Mirziyoyev, alianza kuzungumza na majirani mapema, na baada ya kuahirishwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, safari ya kawaida ikarejea. Aprili 2017 ndege ya Uzbekistan ilitua Dushanbe, baada ya robo karne. Machi 2018 kivuko cha Penjikent kilifunguliwa, viza zikafutwa kwa ziara za hadi siku 30, na Mirziyoyev akaenda Dushanbe kwa ziara rasmi. Katika miaka yote 25 marubani walikuwepo, viwanja vilikuwepo, na milima haikusogea. Abiria nao walikuwepo. Kilichokosekana ni ridhaa ya watu wachache wenye madaraka, na gharama yake ililipwa na wajane, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo.

Zipo njia ambazo hakuna aliyethubutu kuzikata, nazo ni njia za riziki. Kuanzia miaka ya 2000 mamilioni ya vijana wa Tajikistan, Kyrgyzstan na Uzbekistan walikwenda Urusi kujenga nyumba, kufagia barabara, kuendesha teksi. Mwaka 2013 fedha walizotuma nyumbani Watajiki walioko nje zilizidi asilimia 40 ya pato la nchi yao. Mtandao wa ndege uliwafuata. Miji ya ukubwa wa kati kama Khujand, Osh na Namangan, ambayo hata mawasiliano yake na miji mikuu ya majirani yalikuwa ya shida, ilikuwa na ndege za moja kwa moja hadi Moscow, Yekaterinburg na Novosibirsk. Katika miaka ambayo Dushanbe na Tashkent hazikuwa na ndege hata moja kati yao, kila mji ulikuwa na ndege nyingi za kwenda Moscow. Gurudumu la Aeroflot liliendelea kuzunguka. Zamani lilizungushwa na mpango wa serikali, sasa linazungushwa na uhitaji wa kazi.

Njia nyingine zilifufua historia chungu ya uhamisho. Mwaka 1937 Stalin aliwahamisha kwa nguvu Wakorea wa Mashariki ya Mbali hadi Kazakhstan na Uzbekistan, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akawahamisha Wajerumani wa bonde la Volga. Baada ya uhuru, Tashkent na Almaty zilipata ndege za Seoul. Kazakhstan, iliyokuwa na Wajerumani karibu milioni moja mwaka 1989, iliwaona wengi wao wakiondoka kwenda Ujerumani, na ndege zikaendelea kuwabeba ndugu waliotembeleana. Wayahudi wa Bukhara walihamia Israeli na mtaa wa Queens, New York, na shirika la Uzbekistan likaanzisha safari ya New York, ambayo kwa miaka mingi ilipumzika Riga, mji mkuu wa Latvia. Kila ukoo uliohamishwa au kuhama uliacha alama yake kwenye ratiba ya uwanja wa ndege.

Riga yenyewe ilikuwa inatazama upande mwingine. Estonia, Latvia na Lithuania ziliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na mara soko la anga la Ulaya likafunguka mbele yao. Mashirika ya Lithuania na Estonia hayakuhimili. La Lithuania lilianguka Januari 2009, na la Estonia likafungwa Novemba 2015 baada ya Tume ya Ulaya kuamua kwamba ruzuku ya serikali ilitolewa kinyume cha sheria. Likabaki airBaltic la Latvia, lililoanzishwa 1995, na Riga ikawa kitovu cha nchi zote tatu. Ndani ya kizazi kimoja, watu ambao babu zao walibadilisha ndege Moscow walizoea kubadilisha ndege Riga, Frankfurt au Helsinki.

Kati ya Urusi na Georgia, anga iligeuzwa fimbo. Mwishoni mwa Septemba 2006 Georgia iliwakamata maofisa wanne wa jeshi la Urusi kwa tuhuma za ujasusi. Ndani ya siku chache Moscow ilikata ndege, reli, meli na posta. Polisi wa Urusi wakaanza kuwasaka Wageorgia na kuwafukuza nchini, na baadhi yao walirudishwa Tbilisi kwa ndege ya mizigo. Anga iliyofungwa kwa abiria wenye tiketi ilifunguliwa kwa wanaofukuzwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba ufukuzaji huo ulivunja haki zao. Ndege zilirejea Machi 2008, zikasimama tena Agosti mwaka huohuo kwa vita, kisha zikarudi taratibu. Juni 2019 mbunge wa Urusi alikalia kiti cha spika katika bunge la Georgia, wananchi wakafurika mitaani, na Vladimir Putin akaamuru mashirika ya Urusi yasiende Georgia kuanzia tarehe 8 Julai. Waliotaka kusafiri walizunguka kupitia Yerevan, Minsk au Istanbul.

Zuio hilo lilipoondolewa Mei 2023, hali ilikuwa imebadilika. Tarehe 19 ndege ya shirika la Azimuth kutoka Moscow ilitua Tbilisi, na waandamanaji walikuwa wakiingoja uwanjani na bendera za Georgia na Ukraine. Rais Salome Zourabichvili alipinga safari hizo, serikali ikazitetea kwa hoja ya biashara na ya Wageorgia wanaoishi Urusi. Hoja zote mbili zilikuwa na watu wa kweli nyuma yake. Yupo mama aliyetaka kumwona mwanawe bila kuzunguka, na yupo mkimbizi wa Abkhazia aliyeiona ndege hiyo kama tusi.

Ukraine na Urusi zilikuwa zimeshaachana angani. Tangu tarehe 25 Oktoba 2015 hakukuwa na ndege ya moja kwa moja kati ya Moscow na Kyiv, safari ya saa moja na nusu hivi, ambayo ilikuwa miongoni mwa njia zenye abiria wengi zaidi katika eneo zima. Belarusi ikavuna hapo, kwani aliyekuwa na mzazi upande mmoja na kazi upande mwingine alibadilisha ndege Minsk. Minsk nayo ilipoteza nafasi hiyo. Tarehe 23 Mei 2021 mamlaka za Belarusi ziliilazimisha ndege ya Ryanair iliyokuwa ikitoka Athens kwenda Vilnius itue Minsk, zikamshusha mwandishi wa habari wa upinzani na kumkamata. Umoja wa Ulaya ukafunga anga yake kwa ndege za Belarusi.

Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2022 anga ya Ukraine ilifungwa kwa ndege za abiria. Siku chache baadaye Umoja wa Ulaya ulizizuia ndege za Urusi, na Urusi ikajibu kwa kuzuia mashirika ya nchi 36. Kaliningrad, mkoa wa Urusi uliozungukwa na Poland na Lithuania, sasa hufikiwa kwa ndege kwa kufuata anga ya Bahari ya Baltiki. Vilnius, iliyo jirani, hufikiwa kutoka Moscow kwa kupitia Istanbul. Mwezi Machi Air Astana la Kazakhstan lilisitisha safari za Urusi kwa sababu za bima. Ilipotangazwa tarehe 21 Septemba kwamba raia wataandikishwa jeshini, tiketi za Yerevan na Istanbul ziliisha upesi. Waliokimbilia Yerevan walifika mji ambao wazazi wao waliufahamu kama mji wa nchi yao wenyewe, na mara hii waliingia kama wageni.

Hatari nayo ilisogea karibu. Tarehe 25 Desemba 2024 ndege ya Azerbaijan iliyotoka Baku kwenda Grozny ilipigwa angani, ikavuka Bahari ya Kaspi ikiwa imeharibika, na kuanguka karibu na Aktau, Kazakhstan. Watu 38 kati ya 67 walikufa. Oktoba 2025 Putin alikiri kwamba makombora ya ulinzi ya Urusi yalilipuka karibu na ndege hiyo. Azerbaijan ilikuwa imeshasimamisha safari zake kwenda miji kadhaa ya Urusi.

Mwanahistoria anayetaka kupima ukaribu wa mataifa haya ana mikataba mingi ya kusoma, na mingi kati yake inazungumza lugha ya udugu. Mimi naamini kipimo cha haki zaidi ni safari ya kuzunguka: saa ngapi na fedha kiasi gani zinahitajika ili mtu afike kwa jirani yake. Watawala hawawezi kuficha kipimo hicho, na hawawezi kukitengeneza kwa fahari pia. Mwaka 2016 Turkmenistan ilizindua mjini Ashgabat uwanja wenye umbo la kipanga, uliogharimu zaidi ya dola bilioni 2 na wenye uwezo wa kupokea abiria milioni 14 kwa mwaka, katika nchi ambayo raia wake husafiri kwa shida na wageni huingia kwa uchache. Uwanja ukakamilika, abiria wakakosekana. Khujand na Osh, zenye majengo ya kawaida kabisa, zilijaa watu kwa sababu watu walikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumfikia.

Kwa zaidi ya miaka 30 mtu aliyelazimika kutoka Baku kwenda Yerevan, mji mkuu wa Armenia, alipitia Tbilisi, ingawa Baku na Yerevan hazijaachana hata saa moja ya kuruka. Tashkent na Dushanbe zilikuwa hivyo pia, na zikaacha. Ndugu walisubiri miaka 25. Viongozi walipoamua kuzungumza, kurejesha ndege hakukumaliza mwaka mmoja.